Ukiwa na Siku Moja tu Mombasa, Wapeleke Watoto Ufuo Upi?

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, hapa mtaani Free Area huanza mazungumzo yale yale. Chama cha akina mama kimegawana akiba, kila mmoja amepata fungu lake, na watoto ambao wamekuwa wakiimba habari za Mombasa tangu Januari sasa wanadai haki yao. Huulizwa nauli, huulizwa malazi, huulizwa hata bei ya miwani ya jua. Swali ambalo haliulizwi ni lile ambalo lingetangulia yote: mtoto huyu ataingia baharini mahali gani, na saa ngapi?

Nasema lingetangulia kwa sababu sisi wa Nakuru ni watu wa maji ya kutazamwa. Ziwa letu liko nyuma ya ua wa mbuga, maji yake ni ya magadi, na mtoto aliyelelewa hapa hulijua kama mahali pa heroe na vifaru. Ukienda Naivasha utaonywa juu ya viboko. Ukienda Baringo utaonywa juu ya viboko na mamba, na kule Bogoria kuna chemchemi ambazo watu huchemshia mayai. Kwa hivyo kijana wa miaka 12 anaweza kuwa bingwa wa mpira na wa baiskeli, lakini awe hajawahi kuingia katika maji yanayompita magoti. Kisha siku moja anateremshwa kutoka kwenye basi mbele ya Bahari ya Hindi, na mama yake, ambaye pia hajui kuogelea, anamwambia, "Haya, nenda ucheze."

Msafiri wa kutoka kwetu hana tofauti kubwa na wale wageni wanaoletwa na meli za kitalii katika bandari ya Kilindini. Meli hutia nanga asubuhi, abiria hushuka wakiwa wamevaa kofia pana, na wengi wao huwa na saa chache tu za kuona Fort Jesus, kununua vinyago na kulowesha miguu kabla ya king'ora kulia. Wenye watoto miongoni mwao wana mazoea mazuri ambayo tungefaa kuyaiga: huhesabu saa kwa kurudi nyuma. Huanza na saa ya meli kuondoka, wakatoa muda wa njiani, wakatoa muda wa kula na wa kubadilisha nguo, na kinachobaki ndicho cha ufuoni. Nasi tuna meli yetu. Mwenye kupanda treni ya usiku ya SGR kutoka Nairobi hufika Miritini kabla ya mapambazuko, na anaweza kurudi usiku huo huo. Nauli ya behewa la kawaida ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mwanzoni mwa 2024, hivyo kwa familia ya watu watano haifai kufika huko na kupoteza nusu ya siku ukiuliza njia.

Tuanze na mahali ambapo hapafai. Mama Ngina, ile bustani iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka wa 2019, ni nzuri mno kwa kupunga upepo, kula mihogo yenye pilipili na ndimu, na kutazama meli zikipita karibu kiasi kwamba mtoto hupiga kelele. Lakini pale chini ni majabali na mkondo wenye kina, ndiyo maana meli hupita hapo. Si pa kuogelea. Kwa jumla jiepushe na midomo ya mikono ya bahari na ya mito. Pwani yetu inalindwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na nchi kavu. Mwamba huo huvunja mawimbi, na ndani yake maji yanakuwa kama ya beseni. Penye mlango wa mkono wa bahari au mto, mwamba umekatika, na mkondo una nguvu. Hata Malindi, penye ghuba inayopokea maji ya mto Sabaki, mawimbi ni makubwa zaidi, na wakati wa mvua maji huwa ya rangi ya udongo.

Kwa mwenye siku moja na watoto wadogo, mimi ningechagua ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao wengi huuita Pirates, kule upande wa Bamburi. Najua wako watakaokunja uso. Watasema pana watu wengi, pana kelele, pana ngamia na wapiga picha. Ni kweli. Lakini hakuna mlango wa kulipia, matatu zinafika, mchanga unateremka polepole, na ukihitaji dafu, mahamri au viazi karai hutembei mbali. Zaidi ya hayo, mtoto aliye taabani katika ufuo wenye watu huonwa. Katika ule ufuo mtulivu unaoonekana kwenye kalenda, ambapo mko ninyi peke yenu, nani atamwona?

Sharti langu ni moja: usiende siku ya Krismasi, wala Boxing Day, wala mwaka mpya. Siku hizo ufuo huo hujaa pomoni, na mtoto wa miaka minne akigeuka mara moja tu, miguu yote anayoiona ni ya wageni. Jumanne au Jumatano ya wiki ya kwanza ya Desemba itakupa bahari ile ile kwa amani. Tena ukichoka na jua mchana, Haller Park iko kando ya barabara hiyo hiyo. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali pasipoota hata nyasi, mpaka Rene Haller alipoanza kupanda mivinje katika miaka ya 1970. Watoto wa zamani kidogo watakumbuka kisa cha Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa hapo na kuganda kwa kobe mzee kana kwamba ni mama yake.

Wenye siku tatu au nne mna uwanja mpana. Diani kuna mchanga mweupe kama unga, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi Kwale bila kugusa feri ya Likoni. Watamu ina hifadhi ya bahari iliyotangazwa tangu 1968, pamoja na ile ya Malindi, na samaki wa rangi huonekana ukiwa umesimama tu. Nyali ni kati na kati. Ufuo wenyewe ni wa umma, lakini vichochoro vya kuingilia vimebanwa na kuta za majumba na hoteli, kwa hivyo uliza njia kabla hujateremka kwenye matatu na mizigo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wa Pwani hulijua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, nasi wa bara hulijua siku ya msiba. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kila siku saa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, ambapo tofauti ya maji ya juu na ya chini huko Mombasa hupita mita tatu, yaani kimo cha chumba. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na tofauti ni ndogo.

Haya yanamhusu vipi mama wa Free Area? Yanamhusu hivi: wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni. Ukifika asubuhi siku ya mwezi mpevu utakuta bahari imekimbia, imeacha mchanga mpana na vidimbwi vya maji vuguvugu. Huo ndio uwanja wa watoto wadogo, na hakuna bwawa la hoteli linaloushinda. Wazidi kukaa huko hadi saa sita hivi, kisha uwavute nyuma pole pole. Wakubwa wanaotaka kutembea kuelekea kwenye mwamba waende na mwenyeji, wavae viatu vya raba kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na warudi kabla maji hayajageuka. Maji yanaporudi hayaji kama mstari mmoja. Hujaza kwanza mifereji iliyo karibu na nchi kavu, na mtu aliyesimama kwenye kilima cha mchanga akipiga picha hushtukia amezungukwa. Ikiwa umekwenda siku za mwezi nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na wakati huo huo wa asubuhi, ingawa si kwa nguvu. Saa za kila siku zinapatikana kwenye simu, na mvuvi yeyote atakuambia bure.

Upepo nao uhesabiwe. Desemba hadi Machi ni kaskazi, bahari imetulia na maji ni maangavu. Likizo ya Agosti huangukia kwenye kusi, mawimbi yana hasira na mara nyingi mwani hurundikana ufuoni. Agosti si mwezi mbaya, lakini usiahidi watoto maji ya rangi ya samawati.

Kuna zile tyubu za magari zinazokodishwa. Watoto huzipenda, na wazazi huzipenda zaidi kwa sababu huwafanya waone kwamba kazi ya kulinda imepata mtu wa kuifanya. Tyubu haikai na mtoto. Mtoto ndiye anayekaa na tyubu, na mkono ukiteleza kila kimoja kinakwenda njia yake. Maji yanapokupwa huivuta kuelekea ndani. Tena anayezama hapigi mayowe kama katika sinema. Kinywa chake kiko chini ya maji, hana pumzi ya kuita, na kwa mtu wa kando huonekana kama anayecheza. Kwa hivyo gawaneni zamu: mtu mzima mmoja kwa watoto wawili wadogo, amesimama majini, maji magotini, simu ameiacha kwenye kikapu. Zamu ya nusu saa inatosha, halafu mwingine ashike.

Mambo madogo nayapitia haraka. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku ufuoni na katika mbuga, basi beba maji katika chupa za kudumu. Patana bei ya ngamia, ya picha na ya mashua kabla hujapanda au kupigwa, na kwenye mashua dai jaketi la kuelea la kila mtoto, si moja la kupokezana. Shida ya choo itatue kwanza. Hoteli nyingi za ufuoni hupokea wageni wa siku kwa ada, na ukiwa na nyanya wa miaka 70 katika msafara, ada hiyo ni halali yake.

Na yule mtoto atakayeikataa bahari? Hukosi mmoja. Ataona wimbi la kwanza, atashika gauni la mama yake na kulia hadi ufuo mzima ugeuke. Mwache ajenge nyumba ya mchanga na kuwafukuza kaa, hata kama umelipa nauli ya kilomita 600 na zaidi. Hapa Free Area nawajua watu wazima, wenye ndevu zao, ambao hadi leo hawaingii majini kwa sababu mjomba fulani aliwabeba mzobemzobe na kuwatosa, ati wazoee.