Tumpe Msukaji Haki Yake



 Ndugu wanafunzi wenzetu, tunaomba nafasi katika ukurasa huu tuzungumzie jambo lililotutia aibu tulipokwenda Mbeya kutazama maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale.

Tuliondoka Mafinga mara baada ya swala ya alfajiri. Uwanjani wenzetu wengi walikimbilia matrekta na ng'ombe wa maziwa. Sisi tulivutwa na banda la kazi za mikono, ambako kila kitu kilisifiwa kuwa ni "rafiki wa mazingira", maneno yanayopendwa sana siku hizi. Palikuwa na matenga ya mianzi, vyungu, na vikapu vya milulu. Tulishangaa kama wageni, ilhali vikapu vile ni vya mkoa wetu wa Iringa na bibi zetu wanavyo jikoni!

Milulu huota mabondeni penye maji. Kina mama huikata, huianika mpaka ikauke, kisha huisuka kwa mkono kuanzia kitako kupanda juu. Hakuna mashine wala umeme. Kikapu hicho hudumu miaka, na kikichakaa ukakitupa shambani kinaoza na kuwa mbolea.

Tulimwuliza mama mmoja bei ya kikapu cha wastani. Akasema shilingi 15,000. Mmoja wetu akampa 6,000. Wakavutana, nasi tukamsaidia mwenzetu kwa maneno mengi, mpaka mama akakubali 8,000 kwa kuwa jua lilikuwa linazama na alihitaji nauli. Tulifurahi. Ndipo mwingine akamwuliza kikapu kile kilimchukua muda gani. "Siku nne, wanangu, ukiacha kwenda bondeni." Tukapiga hesabu: shilingi 2,000 kwa siku. Mchana ule ule tulikuwa tumekula chipsi za shilingi 2,500 kila mmoja, wala hatukumwomba muuzaji apunguze hata mia.

Kupatana bei si haramu, hilo tunalijua. Lakini tumesoma darasani habari za Nabii Shuaib (A.S.) na watu wa Madyan. Aliwakataza kupunja vipimo, na pia aliwakataza kuwapunguzia watu thamani ya vitu vyao. Sisi huwa tunaishia kwenye mizani ya muuza sukari. Je, anayembana mwenye shida mpaka auze kazi ya siku nne kwa bei ya sahani tatu za chipsi, yeye hapunji?

Wapo watakaosema kwamba serikali imekwisha maliza jambo la mazingira. Ni kweli Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tunaunga mkono. Lakini ile mifuko mbadala laini kama kitambaa, tunayopewa madukani, mingi yake nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Tumebadilisha mfuko tukadhani tumeacha plastiki. Na mama wa milulu, ambaye marufuku ile ingempa soko, bado anasubiri wageni wa kutundika vikapu vyake ukutani.

Tena tusidanganywe na kila kinachoitwa cha asili. Hapa Mafinga pana kiwanda cha pareto, maua yanayotoa dawa ya wadudu inayoharibika upesi juani, tofauti na dawa nyingine zinazobaki udongoni muda mrefu. Ni neema kubwa. Hata hivyo, dawa hiyo huua nyuki na samaki pia, hivyo nayo inataka mtumiaji mwenye elimu.

Turudi kwenye madrasa yetu. Kila Maulid tunanunua sahani na vikombe vya plastiki vya kutupa, na kesho yake wadogo zetu wanaviokota uwanjani na kuvichoma moto, moshi ukiingia madarasani. Pilau tunaweza kula kwenye sinia kama walivyokula wazee wetu. Kwa maandazi na tende, tunapendekeza madrasa inunue vikapu 10 vya milulu, kwa bei atakayoitaja msukaji mwenyewe, vitunzwe stoo na kutumika mwaka hadi mwaka. Kwa 15,000 kila kimoja ni shilingi 150,000. Ustadh atatuuliza fedha itoke wapi, nasi tunajibu: itoke kwenye fungu lile lile la sahani za kutupa, na kikipungua kitu sisi wa darasa la juu tutachanga.

Ila uamuzi upitishwe mapema. Kwa siku nne kila kikapu, mama yule atahitaji siku 40.