Manika: kompyuta iliyoachwa na Windows ingali inaweza kucheza

Juma moja la mwezi wa kumi 2025 lilileta habari mbili kwa wakaaji wa Kolwezi. Tarehe 14, kampuni ya Marekani Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za zamani. Tarehe 16, serikali ya Kongo, iliyokuwa imezuia uuzaji wa kobalti ya inchi inje tangu mwezi wa pili, ilianza kuiachia kwa kipimo: tani 18 125 hadi mwisho wa mwaka. Mji wa migodi ulisikiliza habari ya pili. Ya kwanza ilipita kimya, ingawa inawagusa vijana wengi wa mtaa wa Manika ambao kompyuta yao ilinunuliwa okazio.

Kuacha kuhudumia maana yake si kwamba mashine inazimika. Inawaka kama jana, lakini tundu jipya la usalama likigunduliwa hakuna wa kuliziba, isipokuwa kwa yule anayejiandikisha kupewa mwaka mmoja wa nyongeza. Microsoft inashauri watu wahamie Windows 11, nayo hukataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa mbele ya 2018. Hatari ya mashine isiyozibwa ilionekana mwezi wa tano 2017, wakati virusi WannaCry vilifunga kompyuta katika inchi zaidi ya 150 na kudai pesa. Dawa ilikuwa imetolewa miezi miwili mbele, ila wengi hawakuwa wameitia.

Kuna njia nyingine, isiyolipishwa. Inaitwa Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Tangu hapo maelfu ya watu wa inchi nyingi wameijenga, na yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Mwenye simu ya Android tayari anaitumia bila kujua, maana moyo wa Android ni Linux. Kwa kompyuta kuna aina nyingi, kama vile Linux Mint, au Ubuntu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina Ubuntu halihitaji kutafsiriwa Katanga: Waluba wanasema bumuntu.

Basi kwa nini vijana hawahamii huko? Jibu linalotolewa mara nyingi ni fupi: Linux haichezi michezo. Na kwa miaka mingi jibu hilo lilikuwa kweli. Watengenezaji wa michezo walitengeneza kwa ajili ya Windows, na aliyetumia mfumo mwingine alibaki na karata na chesi.

Leo jibu hilo limechakaa. Mwaka 1993 watu wa kujitolea walianza programu inayoitwa Wine. Kazi yake ni kama ya mkalimani: mchezo unaongea lugha ya Windows, Wine inaigeuza papo hapo ili Linux ielewe. Mwezi wa nane 2018, kampuni Valve, yenye duka la michezo linaloitwa Steam, ilichukua kazi hiyo, ikaiongezea nguvu na kuiita Proton. Kuanzia hapo mchezaji anabonyeza tu, na maelfu ya michezo ya Windows inafunguka. Mwezi wa pili 2022 Valve ilianza kuuza kifaa cha kushika mikononi, Steam Deck, kinachoendeshwa na Linux. Betri yake ni ya lithiamu, na betri za vifaa vidogo vya namna hiyo mara nyingi hutiwa kobalti. Kolwezi inajua kobalti inatoka wapi. Haijazoea kujiuliza upande wa programu za vifaa hivyo.

Ukweli wote usemwe. Michezo fulani ya kupambana kupitia intaneti inaikataa Linux kwa makusudi, kwa sababu programu zao za kukamata wadanganyifu hazikubali mfumo huo. Fortnite ni mmoja, Valorant ni mwingine, na Apex Legends ulifunga mlango mwishoni mwa mwezi wa kumi 2024. Kijana anayeishi kwa ajili ya michezo hiyo asidanganywe. Vilevile, kompyuta ya mwaka 2012 yenye kumbukumbu ndogo haitafungua mchezo mzito wa mwaka huu, awe ameweka mfumo gani. Proton inatafsiri lugha, haiongezi nguvu za mashine.

Lakini kwa mashine hizo nzee kuna michezo iliyozaliwa huru. SuperTuxKart ni mashindano ya magari madogo, na watu kadhaa wanaweza kukimbizana mbele ya kioo kimoja. 0 A.D. ni vita na ujenzi wa falme za kale, na kati ya falme hizo kuna Kush, ufalme wa Waafrika wa mto Nili. Battle for Wesnoth ni vita ya kufikiri, isiyo na haraka. Luanti inamwezesha mtoto kuchimba na kujenga dunia yake kwa matofali. GCompris, iliyoanzishwa mwaka 2000, imekusanya michezo ya kufundisha watoto kuhesabu na kusoma. Yote hiyo inachezwa bila mega hata moja ikishawekwa, na mingi kati yake inaunganisha kompyuta mbili au tatu za nyumba moja bila intaneti.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kwa Manika, na si suala la mchezo peke yake. Katika miji yetu programu haisafiri kwa intaneti, maana mega ni ghali. Inasafiri kwa kle ya USB, toka mkono hadi mkono. Mmoja ana Windows na mchezo wa mpira, kesho mtaa mzima unavyo. Kwa programu za kampuni, desturi hiyo ni kuchukua mali ya mtu bila ruhusa. Tena nakala iliyovunjwa kufuli mara nyingi inabeba virusi, na mwenye kuipokea anaombwa azime kinga ya mashine yake ndipo imkubalie. Anapata mchezo, anapoteza picha, kazi za shule na neno la siri.

Kwa programu huru, desturi ileile inageuka kuwa haki. Ruhusa inayoisimamia Linux, ambayo toleo lake la kwanza liliandikwa na Richard Stallman mwaka 1989, inasema wazi kwamba aliyepokea anaweza kunakili na kugawia wengine. Faili la Linux Mint lina uzito wa gigabaiti 3 hivi. Ni mzigo kwa kijana mmoja. Lakini nyumba moja ya fotokopi ikilishusha mara moja, pamoja na michezo kumi, mtaa mzima unaweza kunakiliwa bila mtu kuiba kitu, na mwenye duka akalipwa franka zake kwa kazi ya kuweka. Vijana wa Manika hawahitaji kufundishwa namna ya kugawana. Wanahitaji tu kitu halali cha kugawana.

Wazazi watasema michezo inapoteza wakati, na mtoto anapaswa kusoma. Hawakosei kabisa: masaa yawekewe mpaka. Ila watazame tofauti moja. Anayecheza katika chumba cha kulipia analipa, anacheza, anarudi nyumbani. Anayetaka kucheza kwenye Linux lazima kwanza ajue kadi ya picha ni nini, diski inagawanywa namna gani, ujumbe wa kosa unasomwaje. Anajifunza hayo kwa sababu anataka kucheza, si kwa sababu ya mtihani. Na seva nyingi za dunia, hata zile zinazobeba mitandao mikubwa, zinaendeshwa na Linux hiyohiyo. Kampuni za migodi zinatafuta mafundi wa kompyuta. Mtoto wa Manika aliyehangaika miezi sita ili mchezo wake ufunguke ameanza njia hiyo bila kulipa masomo.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na migodi. Pesa hizo zikinunua vyumba vya kompyuta kwa shule, wanaozisimamia wasikubali mashine zinazodai ruhusa ya kulipia kila mara. Waweke mfumo huru, wenye maandishi ya Kifaransa, pamoja na LibreOffice kwa kazi za ofisi, na pamoja na michezo. Ndiyo, na michezo, maana chumba kisicho na cha kumvuta mtoto kinabaki na vumbi. Na kampuni inayobadilisha kompyuta zake ifikiri mara mbili mbele ya kutupa zile ambazo Windows 11 imezikataa. Nyingi bado zina miaka ya kazi ndani yake.

Kwa yule anayesitasita, hakuna haja ya kufuta chochote. Linux Mint inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kle ya USB, mashine ikajaribiwa: kioo, sauti, Wi-Fi, mchezo mmoja au miwili midogo. Ikikubali, kijana ahifadhi kwanza faili zake pembeni, kisha aiweke. Ikikataa, anazima, anachomoa kle, na Windows yake anaikuta kama alivyoiacha.