Anayenunua sangara mchanga naye anavua haramu

Kila vita dhidi ya uvuvi haramu vinapotangazwa Ziwa Victoria, macho yote humgeukia mwenye nyavu. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu haramu ziliteketezwa kwa moto. Yalikuwa maamuzi machungu, na yalikuwa na sababu. Ila yupo mtu tunayemtaja kwa nadra: mnunuzi.

Mimi ni mzaliwa wa Magu, na ninavua kwa mshipi pamoja na mjomba wangu katika Ghuba ya Speke. Juzi alasiri tulitoka na ndoo ya furu hai, samaki wadogo wa chambo. Furu akitungwa vizuri chini ya pezi la mgongo huendelea kuogelea, na sangara humfuata, maana yeye ni mwindaji. Akishika, mshipi hukaza ghafla hadi unachoma kiganja.

Mjomba amechonga alama kwenye kasia lake: sentimita 50, kipimo cha chini cha kisheria cha sangara. Wa kwanza hakuifikia. Mjomba alilowesha mikono, akamchomoa ndoano taratibu na kumwachia majini. Wa pili aliivuka alama kwa shubiri nzima, tukampandisha mtumbwini.

Hiyo ndiyo heshima ya ndoano: mvuvi anapata nafasi ya kuchagua. Kokoro, wavu wa kukokotwa, halichagui. Hukokota mwambao mzima, likazoa makinda na kuvuruga mazalia. Wavu wa timba ukipotelea majini huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Na kipimo kile hakikuwekwa kwa kubahatisha. Sangara wengi walio chini yake hawajazaa hata mara moja, na jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume.

Tuliporudi mwaloni tulikuta beseni la sangara wa shubiri moja, na wateja wamelizunguka. Hapo ndipo kazi ya mjomba inapobomolewa. Kijana aliyewavua hakuwavua kwa ajili ya kuwatazama. Alijua soko lipo.

Nimesikia hoja kwamba mnyonge hana uwezo wa kununua samaki mkubwa, kwa kuwa wakubwa huenda viwandani Mwanza na minofu yao husafirishwa nje. Hoja hiyo ina ukweli, nami siibezi. Lakini mwenye fedha ndogo ana dagaa, wanaokua na kuzaana upesi. Tukimaliza sangara wachanga, mnyonge huyohuyo ndiye atakayekosa kitoweo na ajira kwanza, kwa sababu kiwanda kinaweza kuhama ila yeye hana pa kuhamia.

Naomba vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, viweke kipimo wazi katika kila mwalo, mahali ambapo hata mama anayenunua samaki mmoja anaweza kukitumia. Nawe msomaji, usisubiri ofisa wa uvuvi. Ukiuziwa sangara asiyefika sentimita 50, mkatae. Asiponunuliwa leo, kesho hatavuliwa.