Mfuko wa Mkojo Si Anasa

Neno mfuko katika lugha yetu lina kazi nyingi. Upo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Na upo mfuko mdogo wa plastiki ambao mgonjwa aliyeondolewa kibofu huubandika tumboni ili kupokea mkojo. Leo twapenda kuuliza kama mfuko ule mkubwa wamjua vya kutosha huyu mdogo.

Wenye kuuvaa si wengi, na kwa sababu hiyo sauti yao haisikiki. Baadhi yao waliugua saratani ya kibofu, ambayo katika Afrika Mashariki ina uhusiano wa siku nyingi na kichocho. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa kimataifa wamekihesabu kidudu cha kichocho cha mkojo miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Wengine ni akina mama walioumia vibaya wakati wa kujifungua, fistula yao ikashindikana kuzibwa. Mganga hukata kipande cha utumbo mwembamba, akakiunganisha na mirija itokayo katika figo, akakitokeza nje kupitia tundu la tumboni. Tangu siku hiyo mkojo hutiririka usiku na mchana, wala mwenyewe hana uwezo wa kuuzuia.

Mfuko humwagwa mara kadhaa kwa siku, na hubadilishwa kila baada ya siku tatu hivi, pengine mapema zaidi katika joto letu, kwani jasho hulegeza gundi. Hesabu yake ni nyepesi: mifuko 10 kwa mwezi, 120 kwa mwaka, maisha yote. Asiye nayo hujifunga matambara au mfuko wa nailoni. Ngozi huungua, harufu humtangulia, naye hujitenga na baraza, soko na msikiti. (Masheikh wamekwisha kufundisha kwamba mwenye udhuru wa namna hii hutawadha kwa kila sala ya faradhi, akaswali. Kinachomzuia ni aibu, si dini.)

Kwa mkazi wa Mafia shida hii huongezwa na bahari. Mgonjwa wa Jibondo aliyepasuliwa Dar es Salaam, mifuko aliyorudi nayo ikimwishia, hana budi kuvuka hadi Kilindoni, apande kivuko mpaka Nyamisati, kisha atafute basi. Kusi ikichafuka, hata safari hiyo haipo.

Twafahamu jinsi bima inavyofanya kazi. Kituo cha matibabu hudai fedha kwa jina la huduma iliyomo katika kitita cha mafao. Kitu kisichotajwa hakidaiwi, kisichodaiwa hakiagizwi, na kisichoagizwa hakipatikani ghalani, hata kama mgonjwa ana kadi mkononi. Vivyo hivyo kwa wazee wetu: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwaahidi matibabu bila malipo wale wasio na uwezo, lakini msamaha wa kulipia kitu ambacho hakipo haumsaidii mtu.

Nchini Marekani, bima ya wazee iitwayo Medicare huuhesabu mfuko huu kuwa kiungo bandia, kwa kuwa umeshika nafasi ya kiungo kilichoondolewa. Bima hulipa sehemu kubwa, mgonjwa asilimia 20. Hatusemi tuige kila kitu cha tajiri. Lakini fikra hiyo ni sahihi: aliyelipia upasuaji akaacha mfuko ameiacha kazi katikati.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Twaiomba Wizara ya Afya, katika kila marekebisho ya kitita, iutaje mfuko wa mkojo kwa jina lake, pamoja na kibandiko chake na idadi ya kila mwezi, bila mgonjwa kudaiwa kibali kipya kila mara. Tundu la tumboni halizibi baada ya miezi mitatu. Nao wakuu wa afya wa Wilaya ya Mafia tunawaomba waandikishe wagonjwa wa namna hii kuanzia Bweni hadi Jibondo, idadi yao ipelekwe Bohari ya Dawa, na mifuko itolewe katika hospitali ya Kilindoni, akiba ya miezi minne ikiwekwa kabla ya kusi kuanza. Katoni moja haichukui nafasi kubwa katika kivuko kuliko gunia la mchele.