SANTIAGO DE CUBA, MJI WA MTUME YAKOBO

Juma hili twende mbali, mpaka kisiwa cha Kuba katika bahari ya Karibi. Kwenye pwani yake ya kusini mashariki upo mji mkuu wa mkoa uitwao Santiago de Cuba, maana yake Yakobo Mtakatifu wa Kuba.

Mhispania Diego Velázquez aliuanzisha mwaka 1515, ukawa makao ya serikali ya kisiwa kizima kabla wakubwa hawajahamia Havana. Bandari yake ni nzuri: mlango mwembamba, ndani maji mapana yaliyotulia, nyuma milima. Humo Hernán Cortés alitweka matanga mwaka 1518 kwenda kuiteka Meksiko. Hayo ya wateka nchi tuyapite upesi.

Yanayotuhusu yako El Cobre, kijiji cha machimbo ya shaba, yapata kilometa 20 toka mjini. Wachimbaji walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wao. Karibu na mwaka 1612 watu watatu walitoka huko kwenda ghuba ya Nipe kutafuta chumvi: ndugu wawili wenyeji wa asili wa kisiwa, na mtoto mweusi wa miaka kumi, Juan Moreno. Wakaona kitu cheupe kinaelea baharini. Kumbe, ni sanamu ndogo ya Bikira Maria juu ya ubao ulioandikwa: “Mimi ni Bikira wa Mapendo.” Mwaka 1687 Juan Moreno, sasa mzee wa miaka 85, alilitolea jambo hili ushuhuda kwa kiapo, na karani akaandika. Karatasi hizo zimehifadhiwa Sevilla, Hispania. Mimi niliye karani wa parokia nafurahi kwamba mwenzangu yule hakufanya uvivu.

Mwaka 1670 mfalme wa Hispania alitwaa machimbo, na watumwa wakawa mali yake. Mwaka 1677, walipotaka kuhamishwa, walikimbilia milimani, wakampelekea mfalme maombi yao. Waliendelea kudai, baba hata mjukuu, zaidi ya miaka mia. Amri ya uhuru wao ilitoka mwaka 1800. Watumwa wengine wa Kuba walingoja mpaka 1886!

Katika miaka ya 1850 Askofu Mkuu wa Santiago alikuwa Antonio María Claret, ambaye sasa ni Mtakatifu. Alizunguka nchi akiwafungisha ndoa wazungu na weusi waliokuwa wakiishi pamoja hivi hivi, na wakubwa wakachukia. Mwaka 1856, kule Holguín, mtu alimkata shavu kwa wembe. Askofu alimwombea mtu yule asiuawe.

Mwaka 1915 askari wazee waliopigania uhuru wa Kuba walimwomba Baba Mtakatifu Benedikto XV awape Bikira wa Mapendo kuwa msimamizi wa nchi yao. Akakubali mwaka 1916. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliivika taji sanamu hiyo mjini Santiago, Januari 1998. Sikukuu yake ni tarehe 8 Septemba, siku ile ile tunayoadhimisha kuzaliwa kwake Bikira Maria.