Mpinzani Aje Ale Kwetu

Shule anayosoma mwanangu, ya bweni, mkoani Morogoro, imetuma ujumbe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Mechi zote za kirafiki na shule jirani zimesitishwa hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo. Jumamosi mchana, kidato cha tatu na cha nne watakuwa darasani kwa masomo ya ziada. Hazikupita dakika tano kundi likajaa vidole gumba na makofi. "Hongereni sana uongozi, watoto wasome," akaandika mzazi mmoja, na wengine wakamfuata kama wanaitikia dua.

Sababu ya zuio inaeleweka. Mechi ya mwisho iliisha kwa mawe. Wageni walifungwa mabao mawili, wakazomewa mpaka getini, mmoja akaokota jiwe, mwenzake naye akaokota. Kioo cha basi kilivunjika na kijana mmoja alishonwa nyuzi kichwani. Sipuuzi kichwa cha mtoto wa mwenzangu. Lakini niliuliza swali moja kwenye kundi na hadi leo hakuna aliyenijibu: wale wageni walipofika, walipewa nini?

Mwanangu ndiye aliyeniambia. Walifika saa tisa, wakabadilisha nguo ndani ya basi, wakacheza, wakafungwa, wakaambiwa wapande basi. Hata maji hawakupewa. Hakuna aliyejua jina la mwenzake. Ukimleta mtu kwako kwa namna hiyo hujamwalika mechi, umemwita aje azomewe.

Nalisema hili kama mtu aliyelitazama kutoka jikoni. Nilisoma shule ya wasichana upande wa Moshi katikati ya miaka ya 1990, na mpira wa pete ulinishinda mapema: mkono wangu haukuwahi kukubaliana na ile pete. Nikaishia kuwa kiranja wa chakula. Kwa hiyo, wenzangu wanapokumbuka magoli, mimi nakumbuka mchele.

Timu ngeni ikija, kazi yangu ilianza Ijumaa jioni, stoo, na daftari mkononi. Shule haikuwa na bajeti ya wageni. Tulichofanya ni kuuhamisha wali na nyama ya Jumapili, ukapikwa Jumamosi. Jumapili shule nzima ikarudi kwenye makande, na sikumbuki mtu aliyenung'unika, kwa sababu aibu ya kumlisha mgeni makande ilikuwa kubwa kuliko hamu ya wali. Asubuhi wasichana wa zamu walichagua mawe kwenye mchele huku wakiimba nyimbo za kuwakejeli haohao waliokuwa wakiwachagulia mchele. Mistari ya uwanja tulichora kwa majivu ya jikoni kwetu, na wapishi walilalamika kila mara kwamba tunayamaliza, ilhali hawakuwa na kazi nayo.

Matroni wetu alikuwa na sheria moja aliyoisimamia kama amri ya Mungu: mkiingia bwaloni, mchezaji wetu anampakulia yule aliyekuwa akimkaba uwanjani. Naikumbuka siku mfungaji wa wenzetu, msichana mwembamba mwenye mikono mirefu, alipotutandika mbele ya shule nzima. Mlinzi wetu wa goli alikuwa na alama ya kucha kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Akashika upawa, akachota wali, kisha akatafuta kwenye mchuzi kwa makini sana, akampa mfupa. Mfupa mtupu. Bwalo likanyamaza. Yule mgeni akautazama mfupa, akamtazama aliyempa, akasema, "Kumbe ndiyo maana hamfungi, mnakula mifupa." Kicheko kilichofuata kilimfikia mwalimu wa zamu ofisini, akaja mbio akidhani tunapigana.

Tulipokwenda kwao kwa marudiano, wachezaji wetu wote saba waliwekewa sahani zenye mfupa mmoja juu ya wali. Walikula kwa hasira mpaka wakafika chini, wakakuta nyama imefichwa. Mlinzi wetu na yule mfungaji waliandikiana barua mpaka tunamaliza kidato cha nne. Uwanjani waliendelea kuparurana vilevile.

Sisi tuliokulia Kilimanjaro hatukuhitaji kufundishwa jambo hili shuleni. Mchaga na Mpare ni watani. Watabezana sokoni, mmoja ataitwa bahili na mwingine mpenda fedha, lakini kwenye msiba mtani ndiye anayeingia mpaka jikoni kwa mfiwa na kufanya vituko wafiwa wakacheka kwa lazima. Utani wa namna hiyo haukai kwa watu wasiotembeleana. Wakiacha kutembeleana, maneno yanabaki yaleyale ila sasa ni matusi. Leo mwanangu na wenzake wana ukurasa wa Instagram wa kuichamba shule jirani, na jirani nao wana wao. Wanatukanana kila likizo. Hawajawahi kula pamoja hata mara moja.

Nasikia watu wakisema UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inatosha. Haitoshi, na sisemi hivyo kwa kuibeza. Tunaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za Waziri wa Elimu Joseph Mungai, tunajua ilivyokuwa serikali ilipoyasimamisha mashindano ya UMISSETA na UMITASHUMTA, na ilichukua miaka kuyarudisha. Nafurahi yapo. Lakini UMISSETA ni chujio. Unachujwa kwenye shule, kwenye kata, kwenye wilaya, kwenye mkoa, mpaka wanaobaki wanakwenda kwenye fainali za taifa, iwe Mtwara kama 2019 au Tabora kama 2022. Kwa mwenye kipaji, hiyo ndiyo njia. Hata Makongo ya Kanali Idd Kipingu, iliyojulikana nchi nzima kwa mpira, ilikuwa habari ya wenye vipaji. Je, yule mtoto asiye na kipaji? Anayeshangilia, anayechora mistari, anayepakua wali, anayetunga kejeli? Kwenye shule yenye watoto mia sita, hao ni zaidi ya mia tano na sabini. Mechi ya Jumamosi ni ya hao. Wachezaji ni kisingizio tu cha kuwakutanisha.

Tena, wavulana na wasichana. Najua hapa ndipo wazazi wenzangu wanapokunja uso. Enzi zetu kulikuwa na njia za heshima za kukutana: mdahalo, mahafali ya kidato cha sita, kongamano la Pasaka la wanafunzi Wakristo wa UKWATA, na misa ya pamoja ya vijana Wakatoliki wa TYCS, ambayo kila mtu aliiita "joini masi". Wapo wavulana Walutheri wa kabisa, wana wa wachungaji, ambao Jumapili ya joini masi waligeuka Wakatoliki kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni. Paroko alijua. Alikuwa akiwaangalia wanavyokosea kupiga magoti, anatabasamu, anaendelea. Baada ya misa kulikuwa na soda, na matroni wawili waliozunguka kama polisi wa usalama barabarani, wakipima umbali kati ya mvulana na msichana kwa macho.

Pale ndipo wengi wetu tulijifunza kuongea na mvulana bila kuinamisha kichwa na bila kumtukana. Mtoto anayefungiwa miaka minne asizungumze na jinsia nyingine hatazami ukuta tu muda wote huo. Ana simu likizo. Kuliko kinachomfundisha huko, afadhali soda na matroni.

Hofu ya mimba ni ya kweli, na hofu ya barabara ni ya kweli zaidi. Sisi tulibebwa kwenye lori, tumesimama, tunaimba, vumbi mpaka kooni. Ule ulikuwa uzembe wa watu wazima, na asitokee mtu akaniita mzee wa "zamani ilikuwa nzuri" ili kuurudisha. Shule isiyo na basi salama icheze na ile inayoweza kufikiwa kwa miguu. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004 nyingi hazina uwanja wa maana, lakini zina majirani wa karibu, na uwanja wa kijiji upo. Watoto wa kutwa hawahitaji wali. Viazi vitamu vya kuchemsha na ndoo ya maji ya ndimu vinatosha kabisa.

Ninachoshuku ni kwamba mawe yale ni kisingizio. Shule zetu za binafsi zilishaamua siku nyingi kwamba ushindani pekee wenye faida ni wa matokeo. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, lilisema halitazitaja tena shule bora wala wanafunzi bora. Nilidhani presha itashuka. Badala yake mabango yameongezeka. Pita barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro uhesabu nyuso za watoto waliopata daraja la kwanza, zimetundikwa juu ya nguzo kama wagombea ubunge. Mtoto wa shule jirani si mtu tena, ni takwimu inayopaswa kushindwa. Kisha tunashangaa wakikutana uwanjani wanaokota mawe.

Kwenye kikao cha wazazi nilipendekeza tuwaalike tena haohao, safari hii kwa chakula. Wengi walinicheka. Aliyenisaidia ni baba wa yule kijana aliyeshonwa: alisimama akasema atatoa mbuzi, kwa sharti kwamba aliyerusha jiwe aje mapema asaidie kumchuna. Mkuu wa shule ameandika kwenye daftari lake. Mwalimu wa taaluma amesema muda hautoshi.

Kuhusu muda, nimjibu hapa. Kipindi cha Jumamosi saa nane mchana, baada ya ugali na maharage, na mabati yanachemka juu ya vichwa, mwalimu mwenyewe anapiga miayo. Mwanangu anasema safu mbili za nyuma hulala kwa zamu, mmoja akikesha kuwaamsha wenzake mwalimu akigeuka. Kama hesabu za logi hazikuwaingia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, hazitawaingia hapo.

Wizara nayo isituletee waraka mrefu. Aya moja itatosha: Jumamosi baada ya saa saba mchana hakuna kipindi, shule ya serikali na ya binafsi, na kila shule iwe imepokea wageni na kutembelea wengine kila muhula. Wathibiti ubora wa shule tayari wanazunguka na fomu zao. Waongeze mstari mmoja unaouliza wageni walikula nini, na wakija Jumamosi waanzie uwanjani, wapite jikoni, ofisini waende mwisho.