Rupia ya Mjerumani Isiwe Mtego kwa Wananchi

KATIKA mialo na masoko ya Ziwa letu, toka Butimba hadi Ukerewe na Ukara, hadithi ya rupia ya Mjerumani haijafa. Husemwa kwamba sarafu fulani ya kale ina nguvu za ajabu, au kwamba yupo tajiri wa mbali aliye tayari kuinunua kwa mamilioni. Hadithi hiyo ndiyo chambo cha matapeli, na mvuvi mwenye akiba yake nyumbani ndiye samaki wanayemvizia.

Hatuna budi kusema wazi kwamba sarafu haina uchawi. Rupia ya Mjerumani, yenye miaka ya kati ya 1890 na 1914, ni kipande cha fedha chenye uzito wa gramu 11.66, basi. Thamani yake hutegemea mambo matatu: uhalisi wake, hali yake na uchache wake.

Katika uhalisi, shahidi wa kwanza ni mizani. Wa pili ni sumaku, kwa kuwa fedha, shaba na dhahabu hazinaswi nayo. Wa tatu ni jicho: sarafu iliyosubiwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na herufi zilizofifia, vishimo usoni na alama ya mshono ukingoni. Mwaka ulioandikwa peke yake si ushahidi. Riale ya Maria Theresa huonyesha 1780, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baadaye. Na pesa ya shaba ya Sultani Barghash yenye mwaka 1299 haina umri wa miaka mia saba; huo ni mwaka wa Hijria, yaani 1882 kwa Miladia. Mtoto aliyesoma chuoni aweza kumwokoa babu yake katika jambo hilo.

Inayoghushiwa sana ni dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Ilipigwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, wakati vita vilipowatenga Wajerumani na kwao. Zilipigwa kama 16,000 tu. Sarafu chache kiasi hicho haziwezi kuokotwa katika kila kijiji!

Kuhusu hali, wananchi waache kusugua sarafu kwa majivu na ndimu. Mng'aro huo huiondolea sura yake ya asili, na mkusanyaji hupunguza bei papo hapo. Noti nayo hushuka thamani kwa kila mkunjo, doa na mchaniko.

Tunakumbusha pia kwamba Benki Kuu iliziondoa katika mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulianza tarehe 6 Januari na kwisha tarehe 5 Aprili, 2025. Anayekuja kisiwani leo akidai kwamba kwa ujira mdogo atakubadilishia noti hizo ni mwongo.

Wapo wasemao kwamba anayetapeliwa amejitakia kwa tamaa yake. Kauli hiyo haifai kutoka kinywani mwa mtumishi wa umma. Tapeli hula pande mbili: humuuzia mmoja bandia kwa bei ya halisi, kisha hununua halisi ya mwingine kwa bei ya takataka. Bibi kizee anayetoa rupia halali ya fedha kwa kilo moja ya sukari ana tamaa gani? Huo ni unyonyaji, na silaha dhidi ya unyonyaji ni elimu.

Kwa hiyo tunashauri kila ofisi ya kata, visiwani hasa, iwe na mizani ndogo, sumaku na picha za sarafu halisi. Tawi la Benki Kuu hapa Mwanza, Chuo cha Ualimu Butimba na Makumbusho ya Bujora washirikiane kuwafundisha walimu na watendaji. Gharama yake ni ndogo kuliko akiba ya mvuvi mmoja iliyoporwa. Nao wananchi wasiuze wala kununua sarafu ya kale kabla haijapimwa mbele ya mashahidi.

Wahenga walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Kazi ya viongozi ni kuharakisha siku hiyo.